Bettiri na Mlango Mwekundu

Jumapili, 13 Aprili 1980

Mvua tangu alfajiri. Baada ya misa Arnaut amenifuata hadi zizini akiwa na viatu vyake vya kanisani, na mtu wa kijiji hiki cha Altzeta hafanyi hivyo ila awe na shida kubwa. Arnaut alituletea barua miaka thelathini na tano. Sasa amestaafu posta, na badala ya kupumzika kama wenzake ametunga mchezo wetu wa kiangazi. Mwaka huu ni zamu ya kijiji chetu. Sote, watu mia na themanini tukihesabu na wanaonyonya, tutacheza uwanjani maisha ya Bettiri Argindegi, mtunzi wa muziki, mtu pekee wa hapa aliyewahi kutajwa gazetini bila kuua mtu.

"Engrazi," amesema, "nimekwama. Sina Mwekundu wa sehemu ya kwanza."

Michezo yetu haiendi bila Wekundu. Wabluu ni watu wema, huingia na kutoka kwa mlango wa bluu, hatua taratibu. Wekundu ni wabaya. Tunawaita Waturuki tangu enzi za mababu, ingawa hakuna Mturuki aliyewahi kupotea njia akafika huku. Wana mlango wao mwekundu na mwendo wao wa kishari. Ukicheza maisha ya mfalme, wabaya unawachagua tu. Lakini mtunzi wa muziki? Nani amchukie mpiga kinanda?

"Si kuna Wajerumani wa vita vya kwanza?" nikamwambia.

"Hao ni sehemu ya tatu. Namtaka aliyemfukuza hapa."

Kondoo peke yao ndio walioendelea na mazungumzo.

"Mtaje basi," nikasema.

"Babu yako. Na nataka wewe umcheze. Kimo chake unacho, na usinikasirikie dada yangu, sauti yake ya kufokea mbwa pia unayo."

Nimemwambia akaoshe viatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Kisa chenyewe kila mtu hapa anakijua nusu. Mwaka 1913 babu yangu, Allande wa nyumba ya Barnetxe, mzee wa kanisa na mwenye funguo, alikifunga kinanda cha kanisa akatia ufunguo mfukoni. Jumapili iliyofuata padri akamtaja Bettiri kwa jina mimbarini. Bettiri alikuwa na miaka ishirini. Akashuka kwa miguu hadi mjini Maule na hakurudi tena, si kwa harusi za dada zake, si kwa msiba wa mama yake. Alikosa nini? Hapo ndipo watu huanza kukohoa. Kwetu jina lake halitajwi. Baba ana miaka themanini na saba, rika moja na Bettiri, na kila redio ikimtaja yeye hutoka nje kuangalia mawingu.

Nikikubali, nitamvika babu nyekundu mbele ya watu elfu tatu, na mbele ya Baba. Nikikataa, watasema Barnetxe wamekimbia. Sitaki hili wala lile.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemweleza shoga yangu Maixan, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya. Hana subira na watu wanaojihurumia.

"Ukikataa watampa yule Xan mwenye baa," amesema. "Xan atamchezea babu yako tumbo mbele na kofia upande, watu wacheke mpaka wajikojolee. Kama lazima atukanwe, si afadhali atukanwe na wa kwake?"

Jumapili, 20 Aprili

Nimekubali. Baba sijamwambia. Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Mazoezi katika ghala la nyumba ya Uhalt. Miguu yangu haijui kabisa mwendo wa Wekundu. Arnaut anasimama juu ya pipa na bendera zake mbili. Akiinua nyekundu tunatoka sisi, akiinua ya bluu wanatoka wale watakatifu. Anapiga kelele kuliko alivyokuwa akipiga mbwa wetu walipomvua suruali. Mtu mdogo akipewa bendera anakuwa jenerali.

Jumapili, 4 Mei

Leo tumefanya sehemu ya pili, Paris, na ya tatu. Bettiri anachezwa na Beñat fundi bomba, ambaye hana sikio la muziki hata kidogo lakini ana nyusi nzuri. Bettiri anafika Paris na viatu vya kamba alivyoshonewa na baba yake, hana mtu, anapata kazi ya kupiga piano chini ya kitambaa cha sinema. Usiku na mchana anasindikiza farasi na mabusu ya watu wengine. Kisha vita, na kombora linalomchukua sikio la kushoto. Tangu hapo alikaa kwenye piano kiubavu, kama mtu anayemtegea jirani sikio ukutani.

Sikujua hayo. Niliona nafahamu yote kwa kuwa nafahamu kinanda kilifungwa.

Jumatano, 7 Mei

Kondoo mmoja kavunjika mguu. Jibini kumi na mbili.

Jumapili, 11 Mei

Baba ameliona koti jekundu. Nililificha kabatini nyuma ya mashuka, na leo ndiyo siku aliyoamua kutafuta shuka. Amekuja nalo jikoni, akaliweka mezani juu ya maganda ya viazi.

"Nani kashona hili?"

"Maixan, Baba."

"Mkono wa kushoto umevutwa." Akakaa. "Ni la nani?"

Nikasema. Niliwahi kuogopa radi, na niliwahi kuogopa yule kondoo dume wa Uhalt, lakini si namna hii. Baba alikuwa akilikunjua koti na kulikunja.

"Unatembeaje ukiwa yeye?"

Nikamwonyesha. Nimeruka huku na huku jikoni kama kuku aliyekanyaga makaa. Akatazama mpaka mwisho.

"Hakutembea hivyo. Baba yangu alitangulia bega la kushoto, mikono nyuma, na hakumpisha mtu. Anza upya."

Nilianza upya mara tisa. Sikuelewa kama amekasirika au amefurahi.

Jumamosi, 24 Mei

Tumewapandisha kondoo mlimani. Kulala kibandani, mgongo wangu una habari.

Jumapili, 1 Juni

Sehemu ya nne, Buenos Aires. Bettiri anafundisha watoto wa shule ya masista kuimba, na jioni anaandika. Arnaut ameweka kazi zake zote ndani ya mchezo kama mtu anayepakia gari la kuhamia: misa moja, vipande viwili vya ala nne za nyuzi, nyimbo za watoto, opera ya dubu ambayo haikuchezwa kamwe kwa sababu waimbaji wote walikataa kuwa dubu. Na zile nyimbo arobaini za wachunga kondoo. Aliziandika zote kwa kumbukumbu, mbali na kondoo yeyote, akazileta huku kwa posta na barua moja: je, hivi ndivyo zinavyoimbwa, au nimesahau?

"Nani alimjibu?" nikauliza.

Arnaut akashusha bendera. "Nilimkabidhi padri kwa mkono wangu, mwaka arobaini na tisa. Padri akazitia kabatini na mishumaa. Zilikuja kupatikana Bettiri amekwisha kufa."

"Basi hakuna aliyemjibu."

"Hakuna." Nimemwona Arnaut akiangalia viatu vyake. Nilidhani ametunga mchezo huu ili avae kofia mpya siku ya sherehe. Huenda kuna barua moja inayomuuma kuliko zote alizowahi kubeba.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua. Mvua. Majani yameshakomaa na hayakatiki.

Jumapili, 15 Juni

Siku tatu za jua, kwa hiyo siku tatu za kukata majani, na leo mazoezi kwenye jukwaa lenyewe, mbao juu ya mapipa, milango imekwisha pakwa rangi. Nilikuwa nimechoka hata macho yanaona ukungu. Nikafunga kinanda, nikamfukuza Beñat, nikasema ubeti wangu wa mwisho, nikageuka na bega la kushoto mbele kama nilivyofundishwa. Nikatoka kwa mlango wa bluu.

Hata ngoma ilinyamaza. Kisha bibi Kattalin wa Uhalt, mwenye miaka tisini na moja, ambaye huletwa mazoezini na kiti chake, akapaza sauti:

"Ala! Mturuki kaingia peponi!"

Walicheka mpaka mpiga filimbi akakaa chini. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la watakatifu nikitamani mapipa yafunguke yanimeze. Mwekundu hatoki kwa bluu. Haijapata kutokea tangu michezo ianze. Watoto wanajua. Mbwa wanajua.

Lakini waliponyamaza Maixan akasema, "Na kwa nini asitoke huko? Miaka sitini na saba marehemu Allande anasemwa. Haitoshi?"

"Haitoshi nini? Kanuni ni kanuni!" akafoka Xan wa baa.

"Wewe kanuni gani? Bia yako yenyewe ina maji!"

Ikawa vita. Nimerudi nyumbani wakiwa bado wanagombana, na wengine walikuwa hawagombanii babu tena bali mpaka wa shamba.

Jumatano, 18 Juni

Kijiji kimegawanyika. Dukani kuna upande wa mlango wa bluu na upande wa mlango mwekundu, na mkate unanunuliwa kwa zamu.

Ijumaa, 20 Juni

Arnaut ametoa hukumu. Amepanda juu ya pipa, amevua bereti, amesema: kwa mara moja tu, na isiwe desturi, Allande wa Barnetxe atatoka kwa mlango wa bluu. Watu wamepiga makofi. Xan mwenyewe amenipiga begani. Nimelia, sina haja ya kuficha katika daftari langu. Sikujua nilivyokuwa nimebeba mzigo huo hadi niliposaidiwa kuutua. Kesho nitamwambia Baba.

Jumamosi, 21 Juni

Tulikuwa shamba la chini tukigeuza majani yakauke. Baba hafanyi kazi tena lakini hukubali kuletwa akae kivulini mwa trela aone tunavyokosea. Saa sita mchana nikakaa naye, nikakata mkate na jibini, nikamweleza habari ya mlango. Nilimweleza nikicheka. Nilitaraji afurahi.

Akaweka kisu chini.

"Hapana."

"Baba, kijiji kizima kimekubali."

"Kijiji kizima hakikuwa mezani kwetu. Baba yangu alikuwa Mwekundu, atoke kwa mwekundu. Usimwoshe. Hakuomba kuoshwa." Kisha, bila kunitazama: "Na ukitaka kujua, si yeye Mwekundu wa kwanza. Ni mimi."

Nikadhani jua limemchoma. Nikamshika mkono, akautoa.

Sasa naandika kama alivyosema, nisije nikasahau.

Kinanda cha kanisa kilikuwa na mivukuto ya kukanyaga ili kipate upepo, nyuma, mahali pasipoonekana na mtu. Bettiri alipiga, Baba alikanyaga. Miaka minne, kila Jumapili, marafiki wawili ambao ukimkuta mmoja humtafuti mwingine. Siku ya Pentekoste ya 1913, wakati wa sadaka, Bettiri akaanza kitu polepole sana. Baba akasikiliza, akasikiliza tena, na mara akaujua. Ulikuwa wimbo wa Mashetani.

Hapa kwetu Mashetani ni wale wachezaji wawili wanaoruka katikati ya kila mchezo na fimbo zao, wanaokuja kuwasomba Wekundu wakifa. Wimbo wao ni wa kurukaruka, hata ng'ombe anaweza kuucheza. Bettiri alikuwa ameupunguza mwendo, kila hatua pumzi nzima, akaupa sauti za chini. Akamchungulia Baba katikati ya mabomba, akamkonyeza.

"Nilijifunga kinywa kwa bereti," Baba akasema. "Nilikaribia kufa kwa kicheko, na mguu ukikanyaga. Halafu nikasikia kule chini. Watu walikuwa wanalia, Engrazi. Wanawake, wanaume. Nilichungulia, nikamwona baba yangu amepiga magoti, machozi yanamfika kwenye masharubu. Mtu ambaye hakulia alipomzika mama yake."

Wakarudi nyumbani kula. Babu Allande alikuwa bado na macho mekundu. Akamega mkate akasema: kijana Bettiri Mungu kamgusa. Heri baba mwenye mwana kama yule.

"Mimi nilikuwa mbele yake," Baba akasema. "Kijiko mkononi. Nimemlimia tangu nina miaka saba, hajawahi kuniambia hata kwamba nimechimba mtaro ukanyooka. Nikamwambia: Baba, ule uliokuliza ni wimbo wa Mashetani."

Majani yalikuwa yakinukia vizuri mno kwa habari kama ile. Nilimuuliza babu alifanya nini.

"Hakunipiga. Hakufoka. Aliona haya. Mbele ya mkewe, mbele yangu, alikuwa ameona haya, na ile haya hakujua aitue wapi. Kesho yake asubuhi akakifunga kinanda."

"Na Bettiri alijua ni wewe?"

"Tulikuwa wawili nyuma ya yale mabomba. Angemdhania nani, popo?" Akafuta kisu kwenye suruali, mara mbili, tatu. "Siku anaondoka alipita kwetu na mfuko wake. Nilikuwa napasua kuni. Akasimama langoni, akangoja nimwambie neno. Niliendelea kupasua kuni. Nilipasua kuni za majira mawili ya baridi."

Nilimtazama baba yangu niliyekaa naye miaka hamsini na miwili. Nilijua anavyotaka supu yake, nilijua goti lipi linamuuma. Mtu mwenyewe ndiyo kwanza namjua leo.

"Mwambie Arnaut aandike," akasema. "Aandike kama ilivyokuwa."

Jumapili, 22 Juni

Nimekwenda kwa Arnaut. Nilikuwa nimejiandaa aruke kwa furaha, maana mtunzi gani asingependa kisa kama hiki. Hakuruka. Amesikiliza hadi mwisho, kisha amemwita mkewe anipe kahawa, kisha ameketi.

"Nilipoleta kile kifurushi cha nyimbo," akasema, "mzee wako alikuwa barabarani. Aliuliza kimetoka wapi. Nikamwambia Buenos Aires. Akaniomba akishike kidogo. Nikampa. Alikishika muda mrefu hata nikawasha sigara. Miaka yote nilidhani alikuwa na chuki."

Ameahidi beti nne. Ameuliza nani atacheza nafasi ya Baba.

Jumanne, 24 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Jioni moto uwanjani, vijana wakiruka. Baba kasema atacheza mwenyewe. Nimesema hapana.

Jumatano, 25 Juni

Nimesema hapana.

Ijumaa, 27 Juni

Nimesema, "Baba, jukwaa lina ngazi saba." Kasema amezihesabu, ni sita.

Jumapili, 6 Julai

Mvua, kwa hiyo mazoezi ya kwaya yamefanyika kanisani. Baba, ambaye huketi kiti cha nyuma kabisa na hajawahi kufungua mdomo kwa wimbo wowote, leo alikuwa nami akisubiri zamu yake. Kwaya ikaimba ile Misa ya Bettiri, aliyoiandika akiwa mzee huko ng'ambo. Katikati ya Utukufu Baba akagonga fimbo sakafuni.

"Mbona mmeruka?"

Maixan akageuka. "Tumeruka nini, mzee Pette?"

"Hapo pana nafasi."

Maixan akafungua karatasi zake, na kweli. Kila sehemu ya ile misa ina kipande kitupu, mapigo manane bila sauti yoyote, katikati ya sentensi, mahali pasipofaa kabisa. Waongozaji wote wamekuwa wakikiruka wakidhani ni kosa la mnakili.

"Umejuaje?" Maixan akauliza. "Karatasi hii hujawahi kuiona."

"Nimehesabu. Hapo ndipo nilipokuwa nabadilisha mguu. Ule wa kulia ulikuwa ukichoka kila wakati uleule, na upepo unakwisha, basi Bettiri alinisubiri." Akaangalia juu, kule kwenye kinanda ambacho tangu mwaka sitini na mbili kina mota ya umeme. "Aliniambia: Pette, misa zangu zote zitakuwa na mguu wako."

Maixan alikuwa anapekua kurasa haraka, akizihesabu zile nafasi. Ziko katika kila sehemu. Aliziandika Buenos Aires, miaka arobaini baadaye, kwenye kinanda ambacho hakihitaji mguu wa mtu.

Njiani nikamwambia, "Unaona? Alikusamehe."

"Labda," Baba akasema. "Labda alikuwa anahesabu tu. Wanamuziki ndivyo walivyo." Lakini alitembea bila kuniegemea mpaka nyumbani.

Jumapili, 13 Julai

Kwaya sasa inasimama mapigo manane. Inatisha mara ya kwanza. Mara ya tatu unajikuta unangoja.

Baba anajifunza beti zake kwa kuwasomea kuku.

Jumatatu, 21 Julai

Mvua. Arnaut anasikiliza utabiri wa redio tatu, anachukua ulio bora.

Jumamosi, 26 Julai

Kuoka, kupiga pasi, kubeba mabenchi. Baba amenyolewa na Xan wa baa bila kukatwa, na Xan hakusema hata neno moja la kijinga. Mlango wangu, nimethibitisha, ni mwekundu. Nikiwaza kesho, nauogopa kama nilivyouogopa ule wa bluu.

Jumatatu, 28 Julai

Sasa. Jana.

Asubuhi manyunyu, watu elfu tatu chini ya miavuli, kisha saa tisa jua likatoka. Sehemu ya kwanza ilikuwa yangu. Nilitoka bega la kushoto mbele, mikono nyuma, na nikasikia bibi Kattalin akisema kwa sauti, "Yesu wangu, ni Allande!" Nilikifunga kile kinanda cha mbao. Nilipomfukuza Beñat sikumwona Beñat, nilimwona kijana wa miaka ishirini na viatu vya kamba, na kwa mara ya kwanza nilimwona babu pia, mtu aliyeona haya kwa sababu alikuwa amelia. Nilisema ubeti wangu wa mwisho nikatoka kwa mlango mwekundu, na hakuna aliyenisikitikia, na ilikuwa sawa.

Arnaut akainua bendera nyekundu tena. Baba akapanda. Ngazi sita. Alivaa suti yake ya kawaida, hakutaka koti jekundu; aliweka tu mshipi mwekundu kiunoni kama kijana wa zamani zake. Watu wa vijiji vingine hawakuelewa, walidhani ni mzee fulani aliyepotea. Wetu walianza kunyamaza, safu baada ya safu. Baba akashika katikati ya jukwaa na akasema, kwa ile sauti tunayotumia, ndefu na iliyonyooka:

"Ni mimi niliyesema, tukila pale mezani,
wimbo uliowaliza ni ngoma ya mashetani.
Rafiki akafungiwa, akashuka mabondeni;
tangu siku ile neno limenikaa rohoni."

Alisema beti zote nne, hakukosea neno. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika mbao kwa mikono yote miwili.

Kwa desturi, Mwekundu akimaliza hulala chini amekufa, na Mashetani wanakuja kwa ngoma yao kumsomba. Tulikuwa tumekubaliana Baba asilale, angekosa kuinuka. Angesimama tu, na Mashetani wangemzunguka wakiruka, wamsindikize nje. Vijana wa Uhalt wakaingia na fimbo zao, filimbi ikaanza ule wimbo, tiriri tiriri, na Baba akainua mkono.

"Siyo hivyo," akasema. Hakusema kwa sauti ya jukwaani. Alisema kama anavyowaambia watu shambani. "Polepole."

Mpiga filimbi akamtazama Arnaut. Arnaut, na bendera mbili mikononi, jenerali wetu, hakujua ainue ipi. Basi Baba akaanza kuimba mwenyewe, bila maneno. Sijawahi kumsikia akiimba. Sauti imechakaa, lakini ilikuwa juu ya noti kama mguu juu ya udongo wake. Aliimba wimbo wa Mashetani, kila hatua pumzi nzima. Filimbi ikaingia chini yake. Kisha ngoma. Vijana wa Uhalt, ambao hawajawahi kucheza kitu bila kuruka, walishusha fimbo zao, wakaanza kutembea kumzunguka, taratibu, kama wanaobeba kitu kilichojaa hadi juu.

Sikuona ni nani alianza. Nadhani alikuwa Xan. Alivua bereti yake. Wa pembeni wakavua, wa nyuma wakavua, na ikaenda hivyo hadi ukutani mwa uwanja, wanaume wote vichwa wazi kama wako kanisani. Na watu walilia. Sisemi machozi mawili matatu ya heshima. Maixan alikuwa analia mdomo wazi, na Arnaut alijifuta uso kwa bendera ya bluu.

Wimbo ukaisha. Mashetani wakamfikisha Baba kwenye mlango mwekundu, akapita, akainama kidogo ingawa mlango ni mrefu. Nilimdaka nyuma ya pazia. Nikamkalisha juu ya pipa, nikamfungua kola. Kule mbele makofi yalikuwa yameanza, yakija kama mvua juu ya bati.

"Walikuwa wanalia?" akaniuliza. "Sioni vizuri tena. Walilia?"

"Walilia, Baba. Wote."

Akaitikia kwa kichwa. Alivuta pumzi, akaitoa.

"Lakini safari hii," akasema, "walijua wanalilia nini."

Kisha akaomba maji, nami nikaenda kumletea.